Somo la 14: Sauti ya Gari Lisilonguruma

Ndugu msomaji, kabla ya kuanza somo hili, nyamaza kidogo usikilize. Unasikia nini? Pengine unasikia mashine ya kusaga. Kama umeizoea mashine hiyo, unajua habari zake bila kwenda kuitazama. Ikilia upesi na kwa wepesi, haina kitu ndani. Mahindi yakimiminwa, sauti yake inakuwa nzito. Ikikohoa mara mbili tatu kisha ikanyamaza, dizeli imekwisha, na akina mama walio katika foleni watarudi nyumbani na mahindi yao.

Gari nalo hutupa habari zake kwa mlio. Lori lenye shehena likipanda mlima twalijua. Likishuka tupu twalijua. Hata mtoto aliye ndani ya nyumba aweza kusema, "Pikipiki inakuja," naye hajaiona.

Katika darasa moja nililofundisha alikuwamo mzee asiyeona. Alikuja kila siku, ameshika bega la mjukuu wake, akakaa mbele na kusikiliza. Mzee huyo alitutangulia sote katika kujua ni gari gani linalokuja. Alisema, "Hilo ni lori, tena halina mzigo." Baada ya muda tuliliona lori, nalo halikuwa na mzigo. Siku moja nilimwuliza kama haogopi kuvuka barabara. Akanijibu, "Mwalimu, lori silihofu sana, maana linapiga hodi. Ninayoihofu mimi ni baiskeli. Hiyo inakuja kama mwizi."

Leo yako magari yanayokuja kama baiskeli ya mzee yule. Ni magari ya umeme. Somo letu linaeleza kwa nini magari hayo hayangurumi, na jinsi mafundi wanavyoyatengenezea sauti kwa kompyuta.

Mngurumo unatoka wapi

Ndani ya injini ya petroli kuna silinda. Petroli na hewa huingia ndani ya silinda, plagi hutoa cheche, na mchanganyiko ule huwaka kwa kishindo. Kishindo hicho husukuma pistoni, na pistoni huzungusha injini. Basi mngurumo tunaousikia ni vishindo vingi vidogo, kimoja baada ya kingine, vikitokea kwenye bomba la moshi.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua gari la silinda 4. Injini yake inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Dakika moja ina sekunde 60. Gawa 3,000 kwa 60, utapata mizunguko 50 kwa sekunde. Katika injini za namna hii, kila mzunguko una vishindo 2. Kwa hiyo kuna vishindo 100 katika sekunde moja. Sikio haliwezi kuvihesabu. Linavisikia kama sauti moja nene inayoendelea. Dereva akikanyaga mafuta, vishindo huongezeka, na sauti huwa nyembamba zaidi. Akiachia, sauti hurudi kuwa nene. Shika jambo hilo, maana tutalihitaji mbele.

Pikipiki ya silinda 1 iliyosimama bila kuzimwa huwa na vishindo vichache, labda 12 au 13 kwa sekunde. Ndiyo sababu twasikia tuku-tuku-tuku, kila kimoja peke yake.

Gari la umeme halina silinda wala plagi wala bomba la moshi. Lina betri kubwa na mota. Mota huzunguka kama feni, bila kishindo. Gari hilo likienda kasi utalisikia, kwa sababu matairi hukwaruza barabara na upepo huvuma juu ya bodi. Taabu iko katika mwendo mdogo. Linapotoka mahali lilipoegeshwa, linaporudi nyuma, linapopita sokoni au mbele ya shule, huwa karibu kimya kabisa. Na hapo ndipo watu huwa wengi.

Waliolalamika kwanza

Mwaka 1997 kiwanda cha Toyota kilianza kuuza nchini Japani gari liitwalo Prius. Gari hilo lina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Magari ya namna hiyo huitwa haibridi. Katika mwendo mdogo, Prius huweza kuzima injini yake na kwenda kwa umeme peke yake.

Magari hayo yalipoenea Marekani, wa kwanza kulalamika walikuwa watu wasioona. Chama chao kiitwacho National Federation of the Blind kilisema kuwa wanachama wake hawalisikii gari hilo mpaka limekwisha kuwafikia. Wako watu waliodhani kuwa hayo ni maneno tu. Lakini mwaka 2009 idara ya Marekani inayosimamia usalama wa barabara ilitoa uchunguzi wake. Iliangalia ajali zilizotokea wakati magari yakipunguza mwendo, yakisimama, yakirudi nyuma, au yakiingia na kutoka maegeshoni. Katika hali hizo, haibridi ziligonga waenda kwa miguu kwa kiasi cha mara mbili ukilinganisha na magari ya petroli.

Mwaka 2011 Marekani ilipata sheria ya kuyataka magari hayo yatoe sauti. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni yake, iitwayo Kanuni namba 138. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka tarehe. Tangu Julai 2019, kila aina mpya ya gari la umeme au haibridi inayoletwa sokoni ilitakiwa iwe na chombo cha kutoa sauti. Tangu Julai 2021, agizo hilo lilihusu kila gari jipya la namna hiyo linalouzwa huko.

Sauti inayotakiwa

Huenda ukasema, "Basi na wapige honi." Sivyo. Honi ni ya kumshtua mtu. Fikiri mji wenye magari elfu, yote yakipiga honi tangu alfajiri. Watu wangeyapiga mawe.

Kanuni inataka sauti isiyokatika, inayofanana na ya gari la kawaida. Mtu akiisikia ajue kuwa ni gari, ajue liko upande gani, ajue kama linaongeza mwendo au linapunguza. Kengele hairuhusiwi, wala king'ora. Nyimbo na sauti za wanyama au wadudu zinapaswa kuepukwa. Nadhani hilo ni sawa. Gari likilia kama mbuzi, mwenye mbuzi atakwenda barabarani kumtafuta!

Tena sauti hiyo isiwe kubwa kupita kiasi. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Gari likienda kilometa 10 kwa saa, kipimo kilichowekwa mita 2 kutoka katikati ya njia ya gari lazima kisome desibeli 50 au zaidi. Likienda kilometa 20 kwa saa, kisome 56 au zaidi. Hiyo ni karibu na sauti ya watu wanaozungumza kwa utulivu. Isivuke 75. Mwendo ukipita kilometa 20 kwa saa, chombo huko Ulaya chaweza kunyamaza, kwa kuwa matairi yatasema yenyewe. Marekani hutaka kiendelee mpaka kilometa 30 hivi.

Kazi ya fundi wa sauti

Sasa tuingie katika karakana ya fundi huyu. Hana spana wala grisi. Ana kompyuta, spika nzuri, na programu ya sauti. Programu hiyo huonyesha sauti kama mstari wenye milima na mabonde. Fundi aweza kuukata mstari huo, kuuunganisha, kuurefusha na kuuchanganya na mwingine, kama fundi cherehani na vitambaa vyake.

Kwanza hutafuta sauti ya kuanzia. Aweza kuinasa kutoka kwa injini ya kweli, au aweza kuiagiza kompyuta itengeneze sauti kwa hesabu tu. Wengi huchanganya. Hupanga sauti mbili tatu juu ya nyingine, kama wapiga ngoma wanavyopangana: moja nene chini, moja ya kati, na moja kama kayamba, ya kuchakacha.

Kwa nini asitumie sauti moja tu? Je, umewahi kumtafuta nyenje ndani ya nyumba usiku? Analia kwa sauti moja nyembamba, nawe unageuka huku na huku usijue yuko pembe gani. Sauti moja tupu haionyeshi upande wake vizuri. Sauti yenye mchanganyiko, kama ile ya kuchakacha, sikio huikamata upesi na kujua inakotoka.

Unene wa sauti nao unahitaji akili. Sauti nyembamba sana haifai, kwa kuwa wazee ndio hupoteza kwanza uwezo wa kuisikia. Sauti nene sana haifai vilevile, kwa kuwa spika ndogo iliyofichwa mbele ya gari haiwezi kuitoa. Kwa hiyo kanuni inataka sauti zisizopungua mbili, na angalau moja isiwe nyembamba kupita mitikisiko 1,600 kwa sekunde.

Baada ya hapo fundi hukata kipande kifupi. Sekunde mbili tatu zinaweza kutosha. Lakini gari laweza kwenda saa nzima. Basi huunganisha mwisho wa kipande na mwanzo wake, ili kizunguke kama mnyororo wa baiskeli. Hapa ndipo wanaojifunza huharibu. Kama kiungo ni kibaya, kila kinapopita utasikia "tak". Na kama jogoo aliwika wakati wa kunasa sauti, jogoo huyo atawika kila baada ya sekunde mbili, mpaka gari lifike Mbeya.

Sasa sauti yapaswa kufuata mwendo. Kompyuta iliyo ndani ya gari hujua mwendo wa gari, nayo huiambia spika, "Tumeongeza." Mwendo ukiongezeka, sauti hufanywa nyembamba zaidi. Ukipungua, hufanywa nene. Je, wakumbuka vishindo vya injini? Fundi anaiga jambo lile lile. Kanuni inataka badiliko lisilopungua asilimia 0.8 kwa kila kilometa moja ya mwendo, kuanzia kilometa 5 hadi 20 kwa saa. Hapo pana hatua 15. Zidisha 15 kwa 0.8, utapata asilimia 12. Kwa wale wanaoimba kwaya, hiyo ni karibu sawa na kupanda kutoka do hadi re. Ni kidogo, lakini sikio linaitambua. Mtu asiyeona anayesimama kando ya barabara hujua kwa badiliko hilo kuwa dereva hajakusudia kusimama.

Waliotazama juu

Kiwanda cha Jaguar cha Uingereza kilipotengeneza gari lake la umeme liitwalo I-Pace, lililotoka mwaka 2018, mafundi wake walianza kwa kubuni sauti mpya kabisa. Waliiga vyombo vya angani vya kwenye sinema. Sauti ilikuwa ya kupendeza. Wakaipeleka barabarani kuijaribu. Gari lilipokaribia, watu walitazama juu mbinguni! Barabara hawakuitazama. Sauti iliwaambia kuwa kuna kitu kinakuja, lakini iliwaelekeza mahali pa uongo.

Sauti ile iliachwa. Mafundi walifanya kazi miaka minne, na walipopata sauti nyingine walikwenda kuijaribu pamoja na watu wasioona, kwa msaada wa chama cha Uingereza kinachowapatia wasioona mbwa wa kuwaongoza. Naona hapo walifanya jambo la busara. Aliye na macho husikiliza gari kwa nusu sikio. Asiyeona hulisikiliza kwa mwili wote.

Sauti za magari haya sasa ni nyingi, na kila kiwanda kinataka yake. Kiwanda cha BMW cha Ujerumani kilimwalika Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa sinema. Ndiye aliyetunga muziki wa kusindikiza sinema ya The Lion King ya mwaka 1994, ile ambayo wanyama wake wanaitwa Simba, Rafiki na Pumbaa. Kiwanda cha Hyundai cha Korea nacho kina gari liitwalo Ioniq 5 N ambalo humwigizia dereva mngurumo wa petroli, pamoja na mshtuko wa kubadilisha gia, hali gia zenyewe za kubadilisha halina. Hayo ni ya kumfurahisha aliye ndani ya gari. Si mabaya, lakini tusiyachanganye na somo letu. Somo letu ni la aliye nje.

Na aliye nje amelazimika kupigania haki yake zaidi ya mara moja. Mwanzoni kanuni za Ulaya ziliruhusu gari liwe na swichi ya kunyamazisha sauti. Dereva aliyechoshwa na sauti angeweza kuizima. Umoja wa vyama vya wasioona wa Ulaya ulipinga. Walisema kuwa asiyeona hana njia ya kujua ni dereva gani amezima na ni yupi hakuzima. Baadaye kanuni ilibadilishwa, na swichi hiyo ikaondolewa.

Pikipiki je?

Huenda unajiuliza, "Mambo ya Ulaya yanatuhusu nini sisi?" Katika miji ya Kigali na Nairobi pikipiki za umeme zinabeba abiria. Dereva wake hanunui petroli, na moshi hakuna. Ni chombo kizuri. Lakini Kanuni namba 138 ni ya magari ya abiria na ya mizigo yenye magurudumu manne au zaidi. Pikipiki hazimo. Bajaji ya magurudumu matatu nayo haimo. Kwetu chombo kinachopita katikati ya watu, kando ya meza za nyanya na mlangoni mwa zahanati, ni pikipiki na bajaji kuliko gari.

Mzee wa darasa langu angeiita pikipiki hiyo baiskeli yenye nguvu ya lori. Anayeinunua leo anaweza kuuliza kama inatoa sauti inapokwenda polepole. Isipotoa, ajue kwamba macho yake na breki zake zinafanya kazi ya watu wawili.

Zoezi

Fanyeni zoezi hili mahali salama, mbali kidogo na barabara. Wanafunzi wawili wafumbe macho. Wengine wakae kimya. Kwanza mtu apite na pikipiki ya petroli polepole, umbali wa hatua kumi. Kisha mwingine apite na baiskeli bila kupiga kengele. Kila mara waliofumba macho wanyooshe mkono wanapokisikia chombo, na waonyeshe kinakotoka. Pimeni kwa hatua umbali kati yao na chombo wakati mkono ulipoinuliwa. Andikeni tarakimu zote mbili ubaoni.

Kama kituo chenu kina kompyuta, naseni mlio wa pikipiki kwa simu. Mletee mwalimu sauti hiyo aiweke katika programu iitwayo Audacity, ambayo hutolewa bure. Kata sekunde mbili. Irudie mara kumi. Halafu ipandishe kidogo kidogo iwe nyembamba. Mtasikia pikipiki ikiongeza mwendo, nayo imesimama nje, imezimwa.

Maswali ya kujadili

Kwa nini gari la umeme ni la hatari zaidi likienda polepole kuliko likienda kasi?

Injini ya silinda 4 inazunguka mara 1,800 kwa dakika. Ina vishindo vingapi kwa sekunde?

Kwa nini watu walitazama juu waliposikia sauti ya kwanza ya gari la Jaguar? Ninyi mngechagua sauti gani?

Katika kijiji chenu, ni watu gani ambao wangeumizwa kwanza na chombo kisichosikika? Je, mmewahi kuwauliza?